Colacha, Aliyempima Mtahini Wake

Mwaka ule wa mafuriko makubwa, Escolástica Guaji alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, na kazi yake ilikuwa kuwafukuza ng'ombe kiwanjani. Maji yalikuwa yameifunika mbuga yote, kutoka Mto Yacuma hadi kijijini kwetu San Lino, na mahali pakavu palipobaki palikuwa pawili tu: kilima cha kanisa na kiwanja cha ndege. Watu walikwenda kanisani. Ng'ombe, ambao hawakuwa wamebatizwa, walikwenda kiwanjani. Basi kila tuliposikia ndege ya chumvi na dawa ikinguruma juu ya mitende, Colacha, kama sote tulivyomwita, alikunja upindo wa gauni akaufunga kiunoni, akashika fimbo, akatimua mbio huku akipiga mayowe yenye maneno ambayo masista wetu hawakutufundisha. Ng'ombe mia tatu walijitoma majini, wakasimama humo maji yakiwafika tumboni, wakimtazama kwa kinyongo mpaka ndege iondoke.

Siku moja rubani, kijana mwembamba aitwaye Rómulo Antelo, alishuka akauliza ni nani anayemfungulia mlango kila mara. Sista Gertrudis akamwonyesha msichana aliyejaa matope hadi kwenye nyusi.

"Basi wewe ndiye bawabu wangu," Antelo akasema. "Nikuletee nini kutoka mjini Trinidad? Utepe? Peremende?"

"Sitaki peremende," Colacha akajibu. "Nataka kujua kwa nini hii haianguki."

Antelo aliitazama ndege yake, akayatazama mawingu yaliyokuwa yakikusanyika, akacheka.

"Nikijua nitakuambia," akasema, akapanda akaenda zake.

Sisi wengine tuliokaa naye benchi moja pale misheni tulilisahau swali hilo kabla ya chakula cha mchana. Yeye hakulisahau. Ila lilibidi lingoje, maana maji yalipokauka alirudi darasani, na alipofika miaka kumi na sita akawekwa kwenye mizani ya machinjio.

Huko kwetu barabara haikuwepo, na nyama ikitoka, ilitoka kwa ndege. Machinjio yalijengwa ukingoni mwa kiwanja ili ng'ombe atoke kwenye kisu aende moja kwa moja mbinguni, kama alivyopenda kusema mchinjaji mkuu, don Saturnino Ribera. Kulipopambazuka, nusu za ng'ombe zilikuwa zimekwisha kuning'inizwa, zimepimwa, na kupakiwa kwenye ndege kubwa zilizozipeleka La Paz, juu milimani kwenye baridi. Colacha alipewa mizani kwa sababu mbili. Alijua kujumlisha bila kutumia vidole, na hakuwa ndugu wa mfugaji yeyote.

Alipima miaka kumi na tisa. Jicho lake likawa mizani ya pili. Nusu ya ng'ombe ikipita mbele yake begani mwa mpakiaji, alisema, "Mia na nne," na chuma kiliposema mia na tano, watu walikishuku chuma. Alipima kwa jicho hilo vitu ambavyo hakuombwa apime: mbuzi, magunia, maharusi. Wanawake wa San Lino walivuka upande wa pili wa uwanja walipomwona anawatazama kwa makini.

Kulikuwa na desturi moja ya kazi ambayo lazima niieleze, kwa kuwa ndiyo iliyomwangusha baadaye. Nyama iliyochinjwa sasa hivi hudondosha maji njiani. Kwa hiyo wanunuzi wa La Paz na machinjio yetu walikuwa wamekubaliana zamani kwamba katika kila kilo mia, tano hazihesabiwi. Upungufu huo waliuita merma. Mizani ikisoma mia, Colacha aliandika tisini na tano. Alifanya hivyo kila asubuhi, mwaka hadi mwaka, hata mkono wake ukawa unaondoa merma wenyewe wakati kichwa kikifikiria mambo mengine.

Rómulo Antelo alirudi kukaa San Lino akiwa na mvi, sikio la kushoto lililozibwa na injini za miaka ishirini, na ndege ndogo ya viti viwili ambayo wafugaji walikuwa wameichangia ili watoto wao wafundishwe urubani. Tuliiita Korongo, kwa sababu ya miguu yake. Siku aliyofungua darasa, chini ya ubaraza wa machinjio, wanafunzi wanne walikuja na buti zilizong'aa. Wa tano alikuja na aproni yenye damu, akakaa mbele, upande wa sikio zima.

"Mwalimu," akasema, "nimengoja miaka ishirini na mmoja. Kwa nini haianguki?"

Antelo aliitazama aproni, akamtazama usoni. Kisha uso wake ukafunguka.

"Bawabu! Kaa vizuri. Sasa najua."

Don Saturnino, aliyekuwa akinoa kisu karibu, hakuweza kunyamaza. "Colacha, mle ndani mna usukani, si kulabu! Utashika nini?"

"Ndiyo maana wewe haikufai, don Satu. Hujawahi kushika kitu kisichotoa damu."

Hivyo ndivyo elimu ya anga ilivyoingia San Lino. Antelo hakuwa na ubao wala chaki. Alikuwa na machinjio. Alitundika nusu ya ng'ombe, akawauliza vijana watie kulabu mahali gani ili nyama ilale sawa kama meza, isiiname mbele wala nyuma. Wakabahatisha kwa zamu, nyama ikawapiga magotini. Colacha hakubahatisha, aliitazama, akatia kulabu mara moja, nyama ikalala kama mgonjwa kitandani.

"Hicho ndicho kitovu cha uzito," Antelo akasema. "Ndege nayo inacho. Ukipakia mzigo wote mkiani, pua itaelekea mawinguni, nanyi mtaelekea makaburini. Kijana, usicheke. Futa buti."

Kuhusu hewa, alisema hewa ya asubuhi ni supu yenye nyama, na hewa ya saa nane mchana ni supu ya wiki ile ya mwisho kabla ya Pasaka: sahani ni ileile, ila ndani hamna kitu cha kutafuna. Mbawa hula hewa, na pangaboi hula hewa, na injini hula hewa. Wote watatu wakipewa supu nyepesi, ndege hukimbia chini kwa muda mrefu zaidi kabla ya kunyanyuka, na ikinyanyuka hupanda kwa uvivu. Colacha aliandika haya yote katika daftari la machinjio, upande wa nyuma.

Somo la mbawa kupoteza mnyanyuo lilihitaji gari, na gari lilikuwa moja tu, la padri. Antelo aliendesha, Colacha akakaa pembeni na sinia kubwa la bati la masista akilitoa nje ya dirisha. Sinia likiinuliwa kidogo mbele, upepo ulilibeba juu kwa wepesi. Likiinuliwa zaidi, lilibebwa zaidi. "Ongeza!" Antelo akapaza sauti. "Ongeza tena!" Likafika mahali ambapo lilitetemeka kama mwenye homa, likaacha kupanda, na likamponyoka likatua katika zizi la nguruwe.

"Umeona?" mwalimu akauliza, akiwa na furaha kuu. "Halikuanguka kwa sababu gari limepunguza mwendo. Limeanguka kwa sababu umelazimisha pembe. Siku ndege ikitetemeka hivyo, usivute usukani. Shusha pua, uzipe mbawa hewa yake, ndipo uombe."

"Na sinia je?"

"Sinia utamweleza Sista Gertrudis mwenyewe."

Petroli yetu ilikuja kwa mapipa kupitia mtoni, na mto hauachi kitu kipite bila kutia mkono wake, hivyo kila pipa lilikuwa na maji kidogo. Antelo alikuwa na kofia ya sufu nzito, iliyoshindiliwa, na petroli yote ya Korongo ilimiminwa kwanza ndani ya kofia hiyo. Petroli ilipenya; maji yalibaki yakizunguka chini kama machozi. Kisha mwalimu aliikung'uta akaivaa. Kwa sababu hiyo hakuna mtu San Lino aliyethubutu kuwasha sigara karibu na kichwa chake.

Basi mtihani. Mtahini alikuja kutoka La Paz mara moja kwa mwaka, wakati wa kiangazi, na klabu ya urubani ya wafugaji ilikuwa na kanuni yake: mwanafunzi hupewa nafasi tatu. Ndege ilikuwa moja na waliongoja walikuwa wengi, na aliyeanguka mara tatu alirudisha daftari lake, asikalie kiti kile tena. Vijana wanne wenye buti walifaulu mwaka wa kwanza, wakahamia mijini. Colacha akaanguka.

Alianguka kwa ukweli. Karatasi iliuliza ni mzigo upi ulio hatari kuliko yote, na kitabu kilitaka ajibu: mzigo usiofungwa. Yeye aliandika: "Abiria aliyedanganya uzito wake." Penye swali la dalili za hewa mbaya aliandika tabia za ng'ombe, tena kwa urefu. Alikosa kufaulu kwa alama nne.

Mwaka wa pili mtahini alikuwa mgeni, bwana Wenceslao Baldivieso, mtu mkubwa mwenye miwani midogo na sauti ya mahakama. Karatasi yake ilikuwa na hesabu moja nzito: ndege yenye uzito fulani, petroli fulani, na nusu kumi za ng'ombe; je, inaruhusiwa kuruka? Machinjio mazima yalipopata habari za swali hilo yalishangilia, kwa kuwa tuliona Mungu amemkumbuka Colacha. Alimaliza kabla ya wote. Akajibu: inaruhusiwa, na kilo kumi na mbili zinabaki.

Bwana Baldivieso akaisoma mara mbili. "Bibi, hizi kilo hamsini za nyama umezipeleka wapi?"

"Zipi, bwana mtahini?"

"Nyama ni kilo elfu moja. Wewe umeandika mia tisa na hamsini."

Colacha akafungua mdomo kueleza, akajisikia akisema neno merma, na hapo hapo akaelewa. Niliona masikio yake yakiiva. Mkono ulikuwa umeondoa merma wenyewe.

"Bibi," mtahini akasema, si kwa ukali, jambo lililokuwa baya zaidi, "ndege hainunui nyama. Inaibeba. Na maji yake inayabeba vilevile."

Don Saturnino alijaribu kumfariji kwa sahani ya ndizi zilizopondwa na nyama kavu. Hakula. Kesho yake alfajiri alichora mstari katikati ya daftari la mizani, akaandika juu ya upande mmoja "Ya mnunuzi", na juu ya upande wa pili "Ya ndege". Rubani mmoja wa ndege kubwa alipoona safu hiyo ya pili, akauliza ni nini. Colacha akamweleza kwamba ile ya kwanza, ambayo marubani walikuwa wakisomewa siku zote, ilikuwa na upungufu wa tano katika kila mia.

"Tangu lini?" rubani akauliza.

"Tangu nilipokuwa na miaka kumi na sita."

Yule bwana akakaa juu ya gurudumu la ndege yake, akavua kofia, akabaki hapo kitambo, akiikumbuka milima yote aliyopita jirani nayo.

Nafasi ya tatu ikafika. Colacha alikuwa na miaka thelathini na mitano. Kila mtu San Lino alijua kwamba akianguka safari hii atabaki kwenye mizani mpaka azeeke, akiwatazama wengine wakiondoka. Asubuhi alifanya mtihani wa maandishi akapata tisini na moja kwa mia. Kilichobaki ni kuruka na mtahini, na mtahini, tena bwana Baldivieso, alitangaza kwamba wataruka saa nane, baada ya chakula. Pia aliamuru Korongo ijazwe petroli mpaka juu.

Chakula kilikuwa kwa don Saturnino, wali wa nyama kavu wenye yai juu yake, na mbavu za kuchoma, na wali tena. Sote tulishuhudia. Jua lilikuwa limesimama juu ya kiwanja kama mtu mwenye haki. Kiwanja chenyewe kilikuwa kimepungua, maana mto ulikuwa umekula ncha yake ya kusini mwaka uliotangulia, na baada ya ncha hiyo palikuwa na uzio, na baada ya uzio, mitende.

Colacha alikuwa ameikagua ndege, ameinua karatasi ya uzito, na kalamu iko tayari. Korongo iliruhusiwa kubeba kilo mia mbili na ishirini, petroli na watu na kila walichovaa. Petroli iliyojaa ilikuwa sitini. Yeye mwenyewe, sitini na mbili.

"Uzito wako, bwana mtahini?"

"Tisini," akasema bwana Baldivieso, akitafuta miwani yake.

Kwa tisini, karatasi ilikubali, na nane zikabaki. Hakuna aliyemuuliza zaidi. Lakini Colacha alikuwa amemwona akishuka kwenye gari la padri asubuhi, na jicho lile la miaka kumi na tisa lilikuwa limekwisha kusema kabla hajaliuliza: mia na kumi, pengine na zaidi. Na hiyo ilikuwa kabla ya mbavu.

Kalamu haikushuka. Antelo, aliyeijua sura hiyo, alimshika kiwiko akamvuta kando ya bawa.

"Andika tisini," akanong'ona, kwa sauti ambayo, kwa sababu ya sikio lile lililoziba, ilikuwa kelele. "Andika, mwanangu. Ni mzunguko mmoja tu. Utarudi, atatia sahihi, basi."

"Mwalimu, ana mia na kumi huyu."

"Najua! Nina macho! Lakini yeye ndiye mwenye kalamu ya mwisho. Ukimwaibisha, umekwisha. Mara ya tatu, Colacha. Nani atakupa ya nne?"

"Uliniambia ukijua kwa nini haianguki utaniambia."

"Nikakuambia."

"Mbona sasa unataka niisahau?"

Mzee Antelo akamtazama, akatazama mitende iliyotetemeka katika joto. Kisha, polepole, akavua kofia yake ya sufu akaishika mkononi, kama mtu anayejua kwamba itahitajika.

Colacha akarudi. "Bwana mtahini, samahani sana. Mizani iko pale."

"Mizani ipi?"

Sote tukageuka kuitazama, ingawa tuliijua. Ilikuwa mizani ya kuning'iniza, yenye kulabu, na chini ya kulabu Colacha alikuwa amefunga kamba mbili na ubao kwa ajili ya kupimia magunia ya chumvi. Ilifanana kabisa na bembea.

"Bibi," bwana Baldivieso akasema, "mimi si ng'ombe."

"La, bwana. Ng'ombe nimezoea, hasemi kitu, nami namsoma kwenye chuma. Wewe umesema tisini, na mimi nina karatasi ya kutia sahihi."

"Unasema nimedanganya?"

Colacha aliinua karatasi ili aione.

"Nasema ndege hainunui nyama, bwana mtahini. Inaibeba. Hayo ulinifundisha wewe, mwaka jana. Tangu hapo sijaandika kilo ambayo sikuiona kwenye chuma. Kama hilo halifai leo, basi niandikie kwamba nimeanguka, na mimi nitarudi pale kwenye kulabu. Lakini tisini siiandiki."

Bwana Baldivieso alisimama katika jua hilo kwa muda ambao kila mmoja wetu baadaye aliueleza kwa urefu tofauti. Halafu akatembea hadi kwenye mizani, akageuka, akaketi juu ya ubao. Kamba zikalia. Viatu vyake vyeusi vikaondoka ardhini, vikaanza kwenda mbele na nyuma taratibu.

"Usicheze, bwana," Colacha akasema, kwa mazoea tu. "Chuma hakisomeki."

Mtahini akashika nguzo, akatulia. Chuma kikasema mia na kumi na mbili.

"Mtolee merma!" don Saturnino akapiga kelele kutoka ubarazani, na kijiji kizima kikapasuka. Wanawake walikaa chini. Padri aligeuza uso akaitazama kengele. Na pale juu ya ubao, mabega ya bwana Baldivieso yakaanza kutikisika, kamba zikalia tena, ndipo tukatambua kwamba naye anacheka.

"Mke wangu," akasema alipopata pumzi, "amekuwa akiniambia haya kwa miaka mitano. Lakini yeye hana kulabu. Haya, bibi. Sitini, sitini na mbili, mia na kumi na mbili. Tumezidi kwa ngapi?"

"Kumi na nne."

"Na mimi niliagiza tangi lijae. Utafanya nini?"

"Nitapunguza lita ishirini, ambazo ni kilo kumi na nne na kidogo. Zinazobaki zinatosha karibu saa tatu, nasi tunaruka moja."

"Na amri yangu?"

"Amri yako haikujua mbavu za don Satu."

Petroli ikashushwa kwenye madumu, kisha ikarudishwa kwenye pipa kupitia kofia ya Antelo, aliyeishika kwa mikono miwili, macho yake yakiwa mekundu. Alisema ni mvuke.

Waliruka. Korongo ilikimbia na kukimbia, ikala karibu nyasi zote tulizokuwa nazo, ikanyanyuka, ikauvuka uzio na mitende kwa nafasi ya kimo cha nyumba moja hivi. Tulihesabu kimoyomoyo wangepita vipi na kilo kumi na nne zaidi, kila mtu akapata jibu lake, hatukuambiana. Wakaenda upande wa mto, wakafanya huko juu mambo ya mtihani, mpaka tukawaona wanarudi kutua. Na hapo, katikati ya kiwanja, akatembea ng'ombe mweupe mwenye nundu, bila haraka, akasimama.

Korongo ilikuwa imefika chini kiasi kwamba tuliona nyuso zao. Injini ikanguruma, pua ikabaki chini kidogo, haikuvutwa kwa pupa, mbawa zikapata hewa yake, ndege ikampita ng'ombe juu ya nundu ikapanda. Dirisha la Colacha lilikuwa wazi, na sote tulisikia maneno. Yalikuwa yaleyale ya mwaka wa mafuriko. Ng'ombe alitoka kiwanjani mbio.

Waliposhuka baada ya mzunguko wa pili, bwana Baldivieso alikuwa ameshika karatasi kifuani. "Umejuaje kwamba atakimbia?" akauliza.

"Ni wa don Saturnino," Colacha akasema. "Mama yake nilimfukuza mimi. Ukoo huo wananijua."

Mtahini akatia sahihi juu ya bawa la Korongo, huku wino ukikauka upesi kwa joto. Penye nafasi ya maoni aliandika mstari mmoja, nami niliusoma: "Anapima kabla ya kuruka." Kisha akamwambia Antelo kwamba mwakani atakuja akiwa amefunga.

Colacha alirusha ndege kwa miaka ishirini na mitatu. Alipeleka chanjo kwenye mashamba ya mbali, walimu, wakunga, chumvi, na maiti wawili ambao alisema ndio abiria pekee waliokuwa wakweli tangu mwanzo. Mizani ile ya machinjio ilihamishiwa kiwanjani, na hakuna aliyepanda naye bila kukaa kwenye ubao. Askofu alikaa, akiwa na kofia yake ndefu mapajani. Harusi ya binti wa don Saturnino ilichelewa kwa sababu bibi harusi alikataa kupimwa hadharani; Colacha akampima nyuma ya pazia, akaandika, na namba hiyo hakumwambia mtu, hata don Satu alipombembeleza kwa ulimi wa ng'ombe. Antelo alifariki katika mwaka wa tisa wa Colacha kuruka. Kofia alimwachia yeye, na aliitumia mpaka sufu ikawa nyepesi kama kitambaa cha madhabahu. Macho yake yalipoanza kufifia aliacha usukani mwenyewe, kabla ya kuambiwa, akarudi kuketi kando ya mizani na kuwasomea vijana chuma.

Maji yalirudi akiwa na miaka sabini na minane, makubwa kama yale ya kwanza, na serikali ikaleta ndege za kuwahamisha wazee kwenda Trinidad. Daftari la kiwanja cha San Lino ninalo mimi. Ukurasa wa tarehe kumi na moja Februari una majina ishirini na mawili. La mwisho ameliandika mwenyewe, kwa mwandiko wa masista, baada ya kujipima bila kusaidiwa na mtu: Escolástica Guaji, kilo hamsini na mbili, pamoja na kikapu na kuku mmoja. Akatia sahihi, akapanda, akaketi alipoelekezwa na rubani.